Unga wa Majani Uliofaulu Kupita Kiasi

Wifi yangu ni fundi wa maabara, na kazini wamembandika jina la Bi Rudia. Kipimo kikitoa jibu zuri, wenzake wanachekelea, yeye anasema, "Rudia." Huu mwaka wa kumi na tisa anakamua majani, mizizi na maganda ya miti, akitafuta yenye uwezo wa kupunguza unene na kuukinga mwili usichakae. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, husema, na mengi anayoletewa yamefika yakitembea.

Mwaka jana mama mkwe alianza kunywa unga wa majani wa mganga wa mtaa wa nyuma. Magoti yalikuwa yamemshinda, na daktari alitaka apungue kwanza ndipo ampasue. Kwa miezi miwili akapungua kilo tisa. Sote tulishangilia, isipokuwa bintiye.

"Majani hayana haraka hivyo," aliniambia jikoni. "Halafu mbona mama anashinda chooni? Wifi, nichotee vijiko viwili kwenye kopo lake, asijue."

Nilichota. Ningekataaje?

Kule maabara, maji ya zambarau ya kupimia kama kitu kinaukinga mwili yaligeuka manjano alipoutia unga ule. Hilo halikumbabaisha, maana hata majani ya chai huyageuza. Kisha akaujaribu kwenye kimeng'enya kinachosaga mafuta tumboni. Kikazimika kabisa, sawasawa na ile dawa ya hospitali ya kupunguza unene wanayoiweka pembeni ya kulinganishia. Mkuu wake akapiga makofi. Yeye akaenda kwa mganga, akachuma majani mtini kwa mkono wake, akayaanika, akayasaga, akapima upya. Safari hii kimeng'enya hakikushtuka hata kidogo.

Jumamosi alikuja kwangu na barua.

"Mganga anachanganya dawa za hospitali," alisema. "Jumatatu naipeleka kwa watu wa afya, wamfungie."

"Labda siye yeye."

"Nani basi, wifi? Mti?"

Mganga wa watu hakuwa na kosa, na aliyelijua hilo ni mimi tu. Daktari alimwandikia mama mkwe kapsuli za kupunguza unene, naye akaapa hazigusi, eti za hospitali zinaua. Mimi nikawa nazifungua moja moja na kumwagia kwenye kopo la unga wake. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kumnyanyua kitandani kila asubuhi. Niliona nimepatia. Zaidi ya yote nilijiona mjanja.

"Ni mimi, wifi," nikasema, na nikamweleza yote.

Aliikunja barua polepole mpaka ikawa kipande kidogo.

"Kijiko kimoja anachokunywa kina kapsuli ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa nakoroga tu."

"Unakoroga tu. Mama yangu huyo."

Machozi yakanitoka. Nikamwomba msamaha, nikamwomba tena. Kisha, kwa kukosa la kusema, nikamwambia anywe chai inapoa, tuongee kama watu wazima. Alikisukuma kikombe kwa kidole hadi upande wangu wa meza.

"Na humu umeweka nini?"

Nilidhani ananitania, mawifi tulivyozoeana. Nikacheka huku nafuta machozi. Yeye hakucheka.