Ugomvi wa Gendabai na Sugnabai

Kila asubuhi, chai ikiwa bado inachemka jikoni kwa mwanawe kule Garland, Texas, Sugnabai alimpigia simu rafiki yake Gendabai, Houston, ili atukanwe.

"Umeamka, mchunga mbuzi?" Gendabai alikuwa akianza. "Hebu sema tena kwa Kimalvi chenu cha porini, nicheke kidogo."

"Cheka, mtoto wa mjini. Meno ya kuchekea unayo?"

Wote wawili walizaliwa Malwa, katikati ya India, na lugha yao ilikuwa moja. Lakini Gendabai alikuwa wa Ujjain, ambako watu hujiona ndio wenye lugha. Sugnabai alitoka Sondhwad, ambako maneno hutoka kwa pumzi nzito, kama ya mtu aliyepanda mlima. Watoto wao walijua Kihindi na Kiingereza tu. Kimalvi kilikuwa kimebaki katika vinywa hivyo viwili, navyo havikukubaliana. Sugnabai alikuwa ameapa kwamba hatasema kama watu wa Ujjain hata siku moja.

Kisha Gendabai akapooza. Binti yake alipiga simu akilia: mama haongei, hafumbui macho, labda akisikia lugha yake ataamka.

Aliyempeleka Sugnabai hospitalini Houston ni Nyaboke, Mkenya aliyemhudumia pale nyumbani kwa mwanawe. Waliongea Kiswahili, kwa kuwa Sugnabai aliwahi kuishi Kisumu, enzi marehemu mumewe alipokuwa fundi wa mitambo ya sukari. Njia nzima bibi alinong'ona peke yake.

"Mama, unasali?"

"Natafuta tusi. Lazima liwe zuri. Wewe endesha."

Lakini alipouona mkono wa Gendabai umelegea juu ya shuka, matusi yote yalimkauka. Akainama, akamwita kwa lafudhi ya Ujjain, laini, vilevile alivyoisikia ikimkejeli miaka yote ile.

"Dada, haki ilikuwa yako. Lugha ni yenu."

Gendabai akafumbua macho. Binti yake akapiga kelele ya furaha. Ni Sugnabai peke yake aliyeona kwamba macho yale hayakufurahi. Yalimtazama kwa muda, kama ya mtu aliyeletewa habari ambayo madaktari na watoto wote walikuwa wamemficha. Yakajaa machozi, na uso ukageukia ukutani.

Garini, mvua ikipiga kioo, Sugnabai alisema, "Nimemwambia."

"Umemwambia nini, Mama?"

"Kwamba anakufa. Angekuwa wa kupona, nisingemwachia ushindi. Alilijua hilo."

Juma halikuisha, Gendabai akafa, wakamchoma kwa desturi ya Wahindu.

Siku hizi, chai ikichemka, Nyaboke husikia sauti mbili jikoni, moja laini, moja nzito. Ile laini ndiyo huanza kutukana.

"Mama, uko na nani?"

"Subiri. Ni zamu yangu kujibu."

Na hujibu kwa Kisondhwad, kwa ukali, akigonga meza, kama mtu anayetaka kulirudisha kinywani neno lililokwisha kumtoka.