Mgeni Aliyenyamazisha Mashine ya Kusaga

Kwa muda mrefu nimekana kwamba siku ile kulikuwa na mtu mwingine sebuleni kwangu. Kanisani nilisema nilisinzia. Kwa mwanangu Kabula nilisingizia joto la Bariadi. Leo nakiri: alikuwepo, nilimwona kwa macho haya yanayovaa miwani, na sikuwa nimelala. Ukicheka, shauri yako. Hata mimi ningecheka.

Kwanza unielewe. Nina shahada mbili na ugonjwa mmoja: napenda muziki wa okestra. Rekodi zake zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba tulivu. Sehemu ya chini ni ya chini kweli, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Ya juu inatikisa madirisha. Na mimi nimepanga jirani na mashine ya kusaga. Kwa hiyo nilikuwa nasikiliza nimeshika rimoti: fidla zikinong'ona napandisha, tarumbeta zikija nashusha mbio.

"Mama, huo si muziki, ni homa," Kabula alikuwa akisema. "Inapanda, inashuka."

Kabula alijifungulia kwangu. Mtoto tukamwita Minza, jina la marehemu mama yangu. Miezi ilivyokwenda tukaingiwa na hofu: Minza hakushtuka kwa lolote. Tulimpigia makofi, wapi. Mama mkwe wa Kabula akaja kutoka Maswa, akagonga sufuria kwa mwiko karibu na sikio lake. Minza akaendelea kunyonya kidole.

"Huyu hasikii," mama mkwe akasema. Tangu hapo Kabula akawa hali chakula. Tukaandikiwa rufaa ya kwenda Mwanza kumpima masikio.

Alasiri moja kabla ya safari, Kabula alienda sokoni akaniachia mtoto. Nikamlaza mkekani, nikaweka simfoni, mashine ikinguruma kama kawaida. Ikafika sehemu ya fidla moja peke yake. Nikanyoosha mkono kwenye rimoti.

"Usiongeze."

Mlangoni alisimama mama mzee, kitenge kimefungwa kifuani. Hodi sikuisikia. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," kama nilivyolelewa. Hakuitikia. Alinipita, naye akapiga magoti mbele ya mtoto, vile mdogo anavyomsalimu mkubwa.

"Mnampigia kelele," akasema. "Huyu amezaliwa ndani ya kelele. Ataishtukia ya nini?"

Niamini, hapo ndipo nilipotambua kwamba mashine imenyamaza. Nilisikia uta ukigusa uzi wa fidla. Nilisikia mpigaji akivuta pumzi. Yule mama akainama, akasema kwa sauti ndogo kuliko hiyo fidla, "Mwadila, Minza."

Nani alimtajia jina?

Minza akageuza kichwa, akamtazama.

Nikainama kumbeba mtoto. Nilipoinuka mgeni hayupo, na mashine inanguruma. Kibarazani kwangu unga wa jirani hutanda siku zote. Nyayo za kuku zilikuwepo, za binadamu hakuna. Nikamkimbilia msagaji, mtoto mkononi.

"Ngosha, umezima mashine sasa hivi?"

"Nizime na foleni hii? Hawa akina mama wangenisaga mimi, mama."

Foleni nzima ikacheka. Nikarudi ndani na shahada zangu.

Kabula nilimwambia mtoto kageuka, basi; mengine nikasingizia joto. "Labda bahati tu, Mama," akajibu. Lakini jioni hiyo alikula.

Tangu siku ile rimoti naiweka juu ya kabati. Sehemu ya chini ikifika nasubiri; nisiposikia kitu, naendelea kusubiri. Na wewe unayesoma, nakuonya: mtu ambaye hukumsikia akibisha hodi akikukataza kuongeza sauti, usibishane naye kwa usomi. Nyamaza, kisha mtazame aliye karibu nawe amegeukia wapi.

Walipokwenda Mwanza sikutoka nyumbani. Simu ilipoita niliikamata kwa mikono miwili. Sauti ya Kabula ilikuwa hafifu, kama inatoka chini ya blanketi.

"Kabula, sikusikii. Wamesemaje?"

"Masikio yote mawili mazima, Mama."

Nikakaa chini sakafuni.

"Sasa mbona unanong'ona hivyo?"

"Kalala. Huku hakuna mashine, kila nikiongea anaamka."