Viraka vya Nta

Katika chumba cha dobi cha hospitali walimwita Mama Pasi, na asiyemjua angedhani ana mtoto wa jina hilo. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na pasi ya umeme, nzito kama tofali, na kwa miaka ishirini na sita alinyoosha nayo shuka za wagonjwa, mapazia ya wodi na makoti ya madaktari ambao hata sura yake hawakuijua. Hasira zake zilikuwa karibu. Ukikunja shuka ovyo, alianza kukukunjua wewe kabla ya shuka.

Kazi ya dobi aliikuta kwa mama yake. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kona ya chumba hichohicho miaka thelathini, akitia viraka shuka zilizochanika. Kazi ya viraka si mchezo, hasa ukiwa chini ya msimamizi kama yule wao, ambaye alitaka kiraka kisionekane kabisa. Uzi wa rangi ya shuka haukupatikana kila siku, na shuka zenyewe zilikuwa zimechoka, lakini msimamizi alikuja na shingo yake ndefu, akaipeleka shuka dirishani, akaona mshono, akaitupa chini. Mama alikuwa akiiokota bila kusema neno, anafumua, anaanza upya. Mama Pasi aliyaona hayo kwa macho yake alipoanza kazi, na yalimkaa rohoni. Alimuuliza mama yake kwa nini hajibu. Mama akamwambia apige pasi.

Mama Pasi alipostaafu, nyumba ilimwia kimya mno. Jirani akamvuta kwenye darasa la uchoraji la mwalimu mmoja mstaafu, mzee mchangamfu aliyefundisha kuchora kwa nta. Unayeyusha nta ya nyuki kwenye sufuria, unaichanganya na utomvu mkavu uliosagwa na rangi ya unga, kisha unapaka kwenye ubao ikiwa bado ya moto. Kila ukipaka tabaka moja, lazima ulipitishie moto ili lishikane na la chini yake. Usipofanya hivyo litabanduka kama gamba. Mwalimu akatoa pasi ya kupitishia huo moto, na wanafunzi wote wakarudi nyuma wakiogopa kuungua. Mama Pasi alicheka mpaka akashika kiuno. Maishani mwake hakuwahi kuona watu wazima wakiogopa pasi.

Hakuchora watu, wala nyumba, wala maua. Alichora alichokiona miaka yote: mistari ya bluu ya magodoro, miraba ya taulo za jikoni, wavu wa dirisha, uzi unaoingia kwenye kitambaa na kutoka. Mwalimu aliita hiyo sanaa dhahania. Mama Pasi aliiita shuka.

Picha kubwa kuliko zote ilimchukua miezi minane. Ubao ulikuwa na ukubwa wa mlango wa kabati, na mfano wake ulikuwa shuka halisi, aliyoinyakua siku hospitali ilipochoma shuka kuukuu nyuma ya jengo. Ilikuwa na viraka kumi na kimoja vya mama yake. Aliiga kila kitu kilichokuwa pale, hata alichodhani ni kosa. Alipaka nta nyeupe tabaka juu ya tabaka, kisha kwa brashi nyembamba akainua mishono mmoja mmoja, kila mmoja kimo cha punje ya mchele, na kila mmoja akaupitishia moto kwa ncha ya pasi. Shingo ilimuuma, macho yakamwasha, na yeye akaendelea.

Sababu ilikuwa moja tu. Mama yake alikuwa amepofuka, akibakiwa na mwanga na kivuli. Aliishi kwa kaka mkubwa wa Mama Pasi, mbali, na safari zake zilikuwa za nadra. Mama Pasi alitaka mama yake aguse ile picha aitambue. Maisha mazima watu walikuwa wakimwambia afiche kazi ya mkono wake, na binti alitaka aikute imetundikwa ukutani.

Kwa hiyo Mratibu wa ukumbi wa maonyesho alipoiomba picha, Mama Pasi alimpa sharti.

"Mama yangu ataigusa. Siku ya ufunguzi, kabla ya wageni."

"Hakuna shida, mama," alisema Mratibu, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. "Hakuna shida kabisa."

Siku ikafika. Wageni walitarajiwa saa nne asubuhi. Saa tatu kaka aliwashusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha gari, na Mama Pasi akamshika mama yake mkono wakaingia. Hata kabla ya kuifikia picha, harufu ilimpiga puani. Ilikuwa harufu ya duka la samani. Akainua macho. Picha yake iling'aa kama kaunta.

"Umeipaka nini picha yangu?"

"Ah, shikamoo, mama," alisema Mratibu akija mbio. "Tulipata dharura ndogo. Wiki iliyopita niliikuta imeota kuvu, nyeupe, ubao mzima. Nikasema tutaaibika mbele ya wageni. Nikamwita seremala akapaka vanishi, mara mbili. Ona inavyopendeza."

"Kuvu?"

"Ndiyo, kuvu."

"Ile ni nta! Nta ikikaa kwenye baridi hutoa weupe juu. Unachukua kitambaa kikavu, unaifuta, basi, imekwisha. Kitambaa! Hata soksi yako ingetosha!"

"Mama, mimi sikujua..."

"Hukujua, na simu unayo. Hukujua, na mimi nakaa mtaa wa pili. Usichokijua unakipaka vanishi?"

Damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma. Vanishi haishiki kwenye nta wala haikauki vizuri. Ilikuwa imetuama kati ya mishono, nene, ikajaza kila bonde, na juu yake vumbi na nzi wawili wadogo walikuwa wamenasa. Miezi minane ilikuwa imesawazishwa kwa brashi ya seremala.

"Iko wapi?" mama yake aliuliza. "Nipeleke."

Mama Pasi alitamani kumgeuza warudi nyumbani. Lakini mwanamke wa watu alikuwa amesafiri tangu jana. Akampeleka, akauweka mkono wake ubaoni. Vidole vikongwe vilitembea kulia, vikatembea kushoto, vikasimama.

"Inanata," alisema mama. "Ni meza?"

"Ni picha, mama. Nimeichora mimi."

"Aa." Akapapasa tena, kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokipenda. "Ni nzuri, mwanangu. Laini."

Laini! Mama Pasi alisikia neno hilo likimchoma kifuani.

"Si laini, mama. Ni shuka yako ya wodini. Ina viraka vyako kumi na kimoja, nimeviinua vyote ili uvisome kwa vidole. Huyu bwana amevifukia kwa vanishi."

Mama akaondoa mkono ubaoni. Kisha akauliza polepole, kwa ile sauti ya chini aliyokuwa nayo kazini mbele ya msimamizi wake:

"Vilionekana mno?"

Hapo Mama Pasi akapandwa na mori. Alimgeukia Mratibu, na kama si heshima ya mama yake kuwa pale, sijui angemfanya nini.

"Niletee kikwanguo."

"Cha nini?"

"Mwambie seremala wako alete kikwanguo, sasa hivi, kabla sijatumia kucha zangu."

"Mama, tafadhali, wageni saa nne! Picha imo kwenye kitabu cha maonyesho. Utaiharibu."

"Umeshaiharibu. Ninachofanya ni kukutoa humo."

Seremala, ambaye alikuwa nyuma ya pazia akijitia hamnazo, alileta kikwanguo mwenyewe na kukikabidhi akiangalia chini. Mama Pasi aliishusha picha, akailaza sakafuni katikati ya ukumbi, akapiga magoti. Aliingiza ncha ya chuma chini ya vanishi na kuivuta. Ilitoka kama ngozi, ndefu, ikinuka, na mishono mingine ilitoka nayo. Kila mshono uliong'oka aliuona. Alitukana chini kwa chini matusi ya chumba cha dobi, ambayo siwezi kuyaandika hapa. Viraka vitatu viliondoka vizima, kisha cha nne. Hakuacha. Jasho lilimdondoka kwenye nta, na Mratibu alizunguka ukumbini akishika kichwa.

Mama yake alisikia mkwaruzo ule kwa muda. Kisha, bila kuomba msaada, akajishusha hadi sakafuni, goti moja baada ya jingine, akanyoosha mkono palipokwisha kukwanguliwa. Vidole vilikuta mshono. Vikaufuata taratibu, vikapinda kwenye kona ya kiraka, vikapanda, halafu vikakwama mahali pamoja na kurudi hapo mara tatu.

"Hapa pana fundo," alisema.

Mama Pasi aliacha kukwangua.

"Hapa uzi uliniishia," alisema mama. "Nikaunga na mweusi, hakukuwa na mwingine. Wiki nzima nilingoja msimamizi aione." Kidole chake hakikuondoka. "Umeipata wapi shuka yangu?"

Binti akaweka kikwanguo sakafuni. Nje milango ya magari ilikuwa ikifungwa, sauti za wageni zikisogea, na Mratibu akanong'ona kwamba waiondoe picha, jamani, waiweke stoo.

"Iacheni," alisema mama, na haikuwa ile sauti yake ya kazini. "Hao watu waanze na hapa, penye fundo."

Mama Pasi alilia. Alilia kwa hasira, hasira dhidi ya yule msimamizi aliyekufa zamani bila mtu kumfokea hata siku moja, na machozi yakiwa bado yanamtoka akamwambia Mratibu afungue mlango.