Nilivyopata green card ya wanasayansi kwa sahihi ya shangazi yangu wa Ihanda

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai ya kutunga, natamani ingekuwa chai. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nitoke msibani, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza.

Mimi ni mtoto wa Chapwa, Tunduma. Kwa sasa nipo Marekani, mtafiti wa wadudu wa nafaka. Green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, niliipata kwa EB-1A, ile njia ya watu wenye uwezo wa kipekee. Haihitaji mwajiri wala bahati nasibu. Unajiombea mwenyewe na kuthibitisha kwamba umeleta kitu kipya kwenye fani yako.

Kitu changu kipya kilikuwa dawa ya dumuzi, wale wadudu wanaogeuza mahindi kuwa unga yakiwa stoo. Majivu na majani fulani, kwa vipimo na kwa siku maalumu.

Sasa ukweli.

Dawa ile ni ya shangazi yangu, mkulima wa Ihanda. Aliihangaikia miaka na miaka kwenye kihenge chake, anajaribu jani hili, anaacha lile. Mimi niliipeleka maabara nikaeleza kwa nini inafanya kazi. Basi.

Uhamiaji wa kule wakaniandikia: thibitisha kwamba ugunduzi ni wako. Lawyer wangu akashauri nitafute barua ya mkulima anayeitumia. Nikaiandika mwenyewe kwa Kiingereza, binamu yangu wa Tunduma akaiprinti na kumpelekea shangazi. Ilisema: njia hii nilifundishwa na Dkt. fulani (yaani mimi), kabla yake hatukuijua.

Shangazi hajui Kiingereza. Alisaini bila kuuliza, akamwambia binamu, "Mwambie namwombea."

Miezi michache baadaye, approved. Nilishangilia, siwadanganyi.

Nilipokwenda nyumbani kusalimia, shangazi akaniuliza, "Ile karatasi niliyosaini ilisema nini, baba? Wamama wa kwaya wananiuliza."

(Nina jina la babu, baba yake, ndiyo maana aliniita hivyo maisha yote.)

Nikashindwa kumdanganya. Nikamtafsiria.

Akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye ulinifundisha."

"Ni maneno ya makaratasi tu, shangazi."

"Na wanaosoma huko wanajua ni maneno tu?"

Alinipikia, tukala, na kuanzia siku ile akawa ananiita daktari. Bora angenitukana.

Mwaka huu amefariki. Niliwahi mazishi. Kwa kuwa ndiye msomi wa ukoo, nikapewa kuandika na kusoma wasifu wa marehemu. Mama mmoja wa kwaya akanishika mkono, "Usisahau dawa ya mahindi. Sisi wote alitufundisha yeye."

Wakuu, niliiandika kabisa. Halafu nikasimama mbele, nikaona simu zinarekodi. Nikakumbuka lawyer alivyonionya nisiseme popote kitu kinachopingana na faili. Mke na watoto wangu wamo kwenye faili hilo hilo.

Nikasoma alizaliwa wapi, aliolewa lini, watoto wake, kwaya yake. Dawa nikairuka.

Wamama wale waliinuka kuimba bila kuniangalia. Nilijiona mtu wa hovyo sana, na bado najiona.

Juzi mtafiti mwenzangu aliyepita njia hiyo hiyo ameniambia kwamba kule kueleza kwa nini dawa inafanya kazi kungeweza kutosha kuwa mchango wangu mpya. Yaani huenda sikuwa na haja ya kumnyang'anya chochote.

Mnaojaza fomu hizo sasa hivi, andikeni mlichofanya ninyi. Na ukimwomba mtu sahihi, msomee kwanza kwa lugha yake, hata kama ni mzazi wako anayekuamini. Hasa huyo.

Msinionee huruma, nipeni mawazo tu. Watoto wa shangazi wanaomba nakala ya wasifu waiweke kwenye fremu sebuleni. Kwenye laptop ninazo mbili, moja ina dawa ya mahindi, nyingine haina. Ni wiki ya pili sasa sijatuma.

Ungekuwa wewe, ungewatumia ipi?