Gunia Lililofunguliwa Mpakani

Mama mkwe wangu hamwamini mtu. Nilipoolewa kwake, mwezi mzima alikuwa akionja mboga kabla sijaipakua, si kwa njaa, ila ajue kama nina nia mbaya na mwanawe. Kwenye biashara ya vitunguu tabia hiyo ilimfaa. Anabonyeza, ananusa, anarudisha. Sokoni wanamwita Bibi Kagua, na yeye anadhani ni sifa.

Mtu mmoja tu alimvumilia: mzee mmoja mpole, mkulima wa vitunguu wa ng'ambo ya mpaka. Kwao maharage hayastawi, kwetu vitunguu vinaoza vikiwa bado udongoni. Basi sisi tulimuuzia maharage, yeye akatuuzia vitunguu. Kwa biashara hiyo alisomesha mabinti zake, nasi tukaezeka nyumba hii tunayokaa.

Walikutana kwenye uwanja wa mizigo, karibu na kizuizi, wakabadilishana magunia yakiwa yameshonwa. Uwanja ule una sheria ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu anaijua: gunia la mshirika wako hulifungui pale. Unalifungulia nyumbani, na ukikuta kasoro unampigia simu. Kulifungua mbele za watu ni kumwita mwizi.

Msimu uliopita serikali zetu mbili zilikubaliana kufuta ushuru wa mazao. Soko zima likashangilia. Siku hiyohiyo mkulima akapiga simu.

"Dada, bei yangu imeshuka. Ushuru niliokuwa nalipa haupo tena, basi na kwenye bei nimeutoa."

Mama mkwe alikata simu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempigia.

"Umesikia? Kashusha bei, na mimi sijaomba!"

"Si jambo jema, mama?"

"Mwanangu, wewe bado mtoto. Mfanyabiashara hapunguzi bei bila kubembelezwa. Rahisi ghali. Huko chini ya gunia kuna mawe."

Wiki nzima alikosa raha. Na mashaka yanaambukiza kuliko mafua, maana mimi nami nilianza kujiuliza mbona sauti ya yule mzee ilikuwa tamu mno.

Siku ya mzigo, magunia yalikuja yameshonwa uzi mara mbili. Mama mkwe akaona ushahidi umejileta.

"Mbona umeshona mara mbili? Unaficha nini?"

Mzee alicheka, akidhani anataniwa. "Vitunguu vimenona, dada. Mshono mmoja unapasuka."

"Mama, tukafungulie nyumbani," nilimnong'oneza, nikimvuta nguo.

Wapi! Alitoa kisu, akakata uzi, akalipindua gunia zima. Penye kuku wengi usimwage mtama. Yeye alimwaga vitunguu mbele ya wanunuzi wote wa mpakani. Vikabingirika hadi miguuni mwao, vikubwa, vikavu, vyekundu, mpaka cha chini kabisa. Hakukuwa na jiwe hata moja.

Mzee akainama, akaanza kuokota kimoja kimoja. Mama mkwe naye akainama kumsaidia, na mzee akausogeza mkono wake pembeni taratibu.

"Acha, dada. Hivi si vyako."

"Ndugu yangu, nisamehe. Shetani tu."

"Nimekusamehe. Lakini siwezi kumuuzia mtu aliyeniita mwizi mbele za watu."

Kabla hajamaliza kulishona upya lile gunia, dalali mmoja wa mtaani kwetu, tunayemwita Mdomo, alikuwa ameshanunua mzigo wote. Iliniuma hata nikashindwa kumtazama mama mkwe usoni. Tukarudi na maharage yetu.

Siku hizi vitunguu vya mzee tunavinunua kwa Mdomo. Anatuuzia kwa bei ya zamani, kana kwamba ushuru haukufutwa, na kila gunia analichanganya na vilivyooza. Juzi nilimuuliza mama mkwe mbona magunia ya Mdomo anayapokea bila kuyakagua.

"Nikague nini?" alisema. "Huyu najua ananiibia. Angalau nalala."