Jiwe Nililotupa Siku ya Sinema

Mwezi uliopita nilirudi Bunia kwa matanga, na nilipopita parokiani sikuiona ile salle, ukumbi wetu wa sinema. Imevunjwa, pamejengwa maduka ya vipuri vya pikipiki. Nilisimama pale na mfuko mkononi, hasira ikanipanda, nisijue ninamkasirikia nani. Acha nikueleze, rafiki yangu, maana jambo hili sijamwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi, nikilelewa na koko, mama yake baba, kwenye kiwanja kizuri kando ya barabara. Baba alikuwa ameuawa vita vilipoanza. Wapiganaji walikuja mchana, wakamwita kwa jina lake, wakamkata kwa panga mlangoni huku koko ameshika mguu wake asivutwe nje. Doa lile tulilisugua kwa majivu, halikutoka. Tangu hapo koko alitaka kujua kitu kimoja tu duniani: nani alilitaja jina la mwanawe.

Jirani yetu alikuwa mjane asiye na mtoto. Kinu chake ndicho kilichoniamsha kila siku. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, yake na yetu pia, akaipika kwa mawese na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, akatuletea ingali moto. Alimchotea koko maji, alimpalilia maharagwe. Watu walisema koko amepata binti uzeeni. Mimi nilimpenda kuliko shangazi zangu, na shangazi zangu walijua.

Jumapili baada ya misa, padri alitundika shuka ukutani, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, jenereta ikanguruma nje. Filamu zilikuwa za kale mno, za Hollywood ya mwanzo, hazina sauti, na maandishi yake ya Kiingereza hakuna aliyeyaelewa. Kwa hiyo mwalimu wetu alisimama kando ya shuka na fimbo yake akatutafsiria. Kusema kweli hakujua Kiingereza kutuzidi. Alitunga tu. Wazungu wake walikula bugali, waligombana juu ya mahari, walimwogopa kamanda wa wapiganaji, nasi tulicheka hadi machozi. Mtu mbaya akitokea, tulilitupia shuka mawe. Ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Tuliingia mle mifuko imejaa.

Siku hiyo filamu ilikuwa ya mwanamke mwenye hila, macho yamepakwa wanja, anayeitamani nyumba ya familia moja. Alimdanganya huyu, akamchongea yule. Salle ikachemka. Kisha akaketi mezani akaandika barua, na mwalimu, kwa kutaka kutufurahisha, akasema anaandika majina ya watu wa avenue, mtaa wetu, ampelekee kamanda, wauawe, yeye abaki na kiwanja.

Jirani alikuwa amekaa mbele yetu. Akasimama, kivuli chake kikaangukia shuka.

"Mwalimu," akasema, "miye sikuandika. Sijue kuandika. Nilisema tu na kinywa."

Jirani akageuka, akapiga magoti mbele ya koko na kusema yote: kwamba alikitamani kiwanja chetu, kwamba alimwambia kamanda baba anaficha bunduki, kwamba alidhani watamfukuza tu. Alisema amechoka kutuletea sombe badala ya kusema.

Koko ndiye aliyempiga wa kwanza. Alimpiga kichwani kwa kiti kidogo cha mbao alichokuja nacho, damu ikaruka hadi kwenye gauni langu la misa. Hapo salle nzima ikamwangukia. Walimpiga mateke, walimpiga kwa mabenchi na kwa fimbo ile ya mwalimu, watu ambao vitani hawakupoteza hata kuku. Mimi nilichagua mfukoni jiwe kubwa kuliko yote. Alikuwa ananitazama nilipolitupa. Lilimpata jichoni.

Koko akawasukuma watu kwa kiti kilekile. "Mumuache," akasema. "Mutoto aliyekufa ni wangu, haiko wenu."

Padri aliniambia baadaye kwamba mwanamke wa filamu mwishoni anatubu, anasamehewa, tena anaolewa. Mambo ya Hollywood. Sisi tulimburuta wetu hadi nyumbani, koko akamwosha kwa maji ya chumvi. Jicho la kushoto lilikuwa limepasuka. Koko akamwuliza nani alitupa jiwe, maana yeye alitaka kumpiga, hakutaka kumpofusha. Nilikuwa hapo hapo, nimeshika beseni.

"Sikuona," akasema jirani.

Hawakuzungumza tena. Miaka miwili aliendelea kuleta sombe, na koko aliila bila kumsemesha. Sijui kama huo ni msamaha. Mimi ndiye niliyepokea bakuli mlangoni, kila siku, kutoka kwa mtu mwenye jicho moja.

Kisha vita vikarudi mtaani. Mimi na koko tulijificha migombani, tukasikia wapiganaji wakimwuliza jirani iko wapi nyumba ya mama wa yule mtu wa bunduki. Uongo wake mwenyewe ulikuwa bado unatembea. Akawaonyesha mlango wake.

"Ni hapa," akasema. "Ule mama munatafuta ni miye."

Walitumia mapanga, na ilichukua muda. Koko aliniziba masikio, lakini nilisikia.

Walipoondoka, koko alimwosha mwenyewe. Alipofika usoni akalia, akamwita "binti yangu". Nilikuwa nikimmiminia maji. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba lile jiwe lilikuwa langu, nikasema naenda kuongeza maji.

Sasa koko hayupo. Mwalimu alikwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu, hakurudi. Viwanja vyote viwili vina watu wasionijua, na sombe inasagwa kwa mashine sokoni. Kinu husikii tena. Wachache wanaomkumbuka jirani wanasema alijitakasa. Ni kweli. Lakini alijua ni mimi, akaninyamazia miaka miwili, na miaka yote miwili nilipokea bakuli lake nikasema asante tu.