Siku Niliyokwenda Kumkamua Ngamia wa Wakwe

Haya, chekeni tu, maana hata mimi nikijikumbuka nilivyochuchumaa chini ya tumbo la ngamia wa wakwe zangu natamani ardhi ipasuke, lakini mkimaliza kucheka mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu siku ile niliaibika mbele ya watu wazima na ndevu zao za hina, na bado nikaondoka na ushindi.

Miaka ya tisini nilikuwa Garissa nafundisha akina mama kushona, mimi Mchaga wa Machame niliyezaliwa kwenye baridi na migomba, na huko ndiko nilikokutana na Abdi, Msomali, karani wa ghala, mpole, mcheshi, na ana meno mazuri kupita kiasi (hilo nalisema hata akiwepo). Nikasilimu kwa hiari yangu, tukaoana kimyakimya, na kosa likawa hapo kwenye kimya, maana kwao, nje kidogo ya mji wa Kutulo, kaskazini zaidi, habari zilifika kabla yetu. Tulipokwenda kujitambulisha, tumekaa juu ya lori la mizigo mpaka kiuno kikafa ganzi, ndipo Abdi akaniambia, sauti chini, kwamba ami yake, kaka wa marehemu baba yake, amemtafutia mke wa ukoo wao na mama anaelekea kukubali. Yaani mimi naenda kuamkia wakwe, kumbe naenda kupokea mke mwenza! Nilinuna mpaka lori liliposimama.

Mama mkwe hakuwa mbaya. Alinipa mkeka, kivuli na chai ya maziwa, ila nikigusa chochote ananipokonya. Nikishika ufagio, "Kaa, mgeni." Nikiokota kuni, "Kaa, mgeni." Nyie mnajua Mchaga akikalishwa bila kazi anavyojisikia? Na ami naye akipita ananikuta nimekaa, anatikisa kichwa, na mimi naona kabisa anachowaza: mwanamke wa nje, kazi yake kunywa chai.

Basi asubuhi moja nikadamka, nikamwona ngamia jike amesimama na mtoto wake, kiwele kimejaa, nikajiambia, Rehema, wewe umekamua ng'ombe wa mama yako tangu utotoni, mnyama ni mnyama, wanaume wakitoka kuswali wakute maziwa tayari uone kama kuna mtu atataja mke mwenza. Nikachukua ndoo ya plastiki, nikaenda, nikachuchumaa.

Ngamia hakamuliwi hivyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, chombo kakiweka juu ya paja la mguu aliouinua. Mimi nilikuwa huko chini kama mtu anayefua nguo, na hata sijapata tone moja yule bibi akageuza shingo, akanitazama vizuri, akaudaka mtandio wangu kwa meno, akaipiga ndoo teke, akaondoka. Ningemwacha aende, lakini kichwa wazi ukweni utakaaje? Nikaiokota ndoo, nikajivika kichwani, nikamkimbilia hivyo hivyo, naona miguu yangu tu, yeye mbele na mtandio wangu unapepea, mpaka akapita katikati ya ami na wazee wenzake waliokuwa wanakunywa chai baada ya swala. Birika likaenda huku, vikombe kule, na mimi nikasimama katikati yao na ndoo yangu kichwani.

Ami akaniuliza polepole, "Wewe ulitaka kukamua ngamia?"

Nikasema ndiyo. Wazee wote wakasema astaghfirullah. Abdi akaja mbio, akanifunika kwa koti lake, akaninong'oneza kwamba kwao ngamia hukamuliwa na wanaume tu, kwa mwanamke ni mwiko, hata mama yake hajawahi kumkamua. (Mwanamume huyu tumelala chumba kimoja muda wote huo, hakuona haja ya kunitajia.)

Ami akamgeukia mama mkwe aliyefika nyuma ya Abdi, akasema kwa Kiswahili makusudi nisikie. "Umeona? Hii mwanamke hajui kitu. Ile msichana yetu iko tayari. Leo sema."

Mimi nikiogopa sana huwa nakasirika. Nikasema, "Ami, nisamehe kwa ngamia. Lakini kwetu mtoto wa kike akikaa anatazama kazi, anayesemwa ni mama yake. Kama kuna kazi ya wanawake hapa, mbona hakuna aliyenionyesha?"

Mama mkwe Kiswahili alikuwa anakijua, aliuza maziwa soko la Garissa miaka mingi. Alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwambia ami, "Mzee, sikia. Mimi nilikuwa naogoba Abdi ameoa mwanamke ya kulala. Hii imeamka alfajiri, imeenda kuiba kazi ya wanaume. Nataka binti gani ingine? Enda kwa wale watu, waambie msichana yao atafute bwana ingine."

"Na mwiko?" ami akauliza.

"Mwiko iko salama. Ngamia imekataa."

Wazee wakacheka, ami mwenyewe akauma midomo asicheke. Mama mkwe akanishika mkono mpaka zizi la mbuzi, akasema, "Hii ndiyo yetu." Jamani, nilikamua mbuzi wale kama niliyepandwa na wazimu, povu likajaa mpaka ukingoni, chai ikachemshwa upya kwa maziwa yangu, na ami akanywa kikombe, akarudisha mkono kuomba kingine.

Ngamia niliapa sikamui tena, namsalimia kwa mbali. Na Abdi hana mke mwingine mpaka leo. Lakini kila shemeji yangu anapooa, bibi harusi hata mizigo hajafungua, mimi ndiye ninayemshika mkono kumpeleka nje na kumwonyesha: mbuzi wale, wetu, ngamia wale, usijaribu.